Mjumbe Hajaketi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Anisia aliinjika uji, akachota samli kwenye kibuyu, akaenda kumpaka mumewe visigino. Cornel Jilala alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mahali alipolala kila siku, na kitenge alichofungiwa kiunoni ili asianguke usingizini kilikuwa bado kimekaza. Anisia alifungua fundo, akakikunja kitenge, kisha akachuchumaa na kuanza na mguu wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa umevimba zaidi. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tisa, mwaka 1976. Cornel alikuwa amesimama kwa miaka kumi na tano na miezi tisa.

Uji ulipoiva walikunywa pamoja, Anisia kwenye kigoda na Cornel kwenye meza iliyomfika kifuani, ambayo fundi Makoye aliichonga mwaka ule wa kwanza kwa mbao za mninga. Fundi aliuliza urefu tu. Hakuuliza sababu.

Sababu ilijulikana. Zamani kijijini kwao Ng'wabuki palikuwa na kisima chini ya kilima, maji yake hayakukauka hata kiangazi cha mwaka wa njaa, na kaya mia mbili zilinywa hapo pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 1957 watu wa mgodi wa dhahabu walikuja na nguzo za chuma wakakizungushia seng'enge, maana mawe yenye dhahabu lazima yaoshwe. Wanawake wakaanza kwenda mtoni, kilomita kumi na moja, kufukua mchanga. Mwaka 1960 ulipofika uchaguzi wa lile baraza la kutunga sheria la wakati wa Mwingereza, watu wa Ng'wabuki walimtaka Cornel, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya kati na karani wa chama cha pamba, kwa sababu alikijua Kiingereza na kwa sababu mkewe naye alikwenda mtoni. Alipita bila kupingwa. Alishonewa suti moja, akapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Swali lake lilikuwa namba arobaini na saba. Alisimama akalisoma kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha iliyoruhusiwa ukumbini. Sehemu (a): Je, Serikali inazo habari kwamba kisima cha Ng'wabuki, tegemeo la kaya mia mbili, kimezungushiwa seng'enge na mgodi? Sehemu (b): Kama inazo, ni lini kisima hicho kitarudishwa kwa wenyewe?

Afisa aliyepaswa kujibu alikuwa amelazwa kwa malaria. Aliyeongoza kikao alisema Mheshimiwa Mjumbe atasubiri jibu, akaita swali namba arobaini na nane. Cornel akasubiri. Kwa adabu hakuketi. Jioni ukumbi ulipokuwa mtupu alitaka kukaa kidogo afunge kamba za viatu, magoti yakakataa. Hayakuuma wala hayakukakamaa. Alitembea nayo vizuri mpaka alikofikia, akapanda nayo ngazi, lakini mbele ya kiti na mbele ya kitanda hayakukunjika. Alirudi nyumbani kwa treni, amesimama dirishani usiku kucha na mchana kutwa na usiku mwingine. Mkagua tiketi alimwambia nafasi zipo.

"Nashukuru," alisema Cornel. "Nasubiri jibu."

Watu wa Ng'wabuki walipomwona hawakusema mengi. Walisema tulimchagua atusimamie, naye amesimama. Padri wa parokia alimkomunisha akiwa wima huku wengine wamepiga magoti, akawa anajinyoosha kidogo kwa sababu Cornel alikuwa mrefu. Binti yao Limi alikuwa na miaka mitatu wakati ule. Hakupata mdogo wake.

Uhuru ulikuja, baraza likabadilika jina na watu. Cornel aliandika barua kila mwaka. Mara mbili alijibiwa kwamba maswali ya baraza la zamani hayakurithiwa. Mwaka 1965 jina lake halikurudi katika wagombea, lakini watu waliendelea kumwita Mjumbe. Wazungu wa mgodi walifunga virago mwaka uliofuata, kibao cha getini kikabadilishwa, na seng'enge ikapakwa rangi mpya. Mwaka 1974 ilipokuja operesheni ya vijiji, kaya zote za Ng'wabuki zilipakiwa kwenye malori zikashushwa kando ya barabara kuu, mahali palipopewa jina la Kazi Moja. Kwenye lori watu wote walisimama, wameshikana mabega kwa saa tatu. Siku hiyo peke yake Cornel alikuwa kama wengine.

Hakuwa mtu wa kutulia. Mwili usiokaa haujui la kufanya ila kwenda, naye alikwenda. Alizunguka nyumba, akazunguka shamba la pamba, akaenda mpaka barabarani kutazama kama gari la posta limepita, akarudi, akasahau alichokuwa akitaka, akaenda tena. Alianza kazi nyingi na kuziacha katikati. Anisia alipomwita kula alimkuta ameshafika kwa jirani. Walimu wa shule walimkataza kupita karibu na madirisha, kwa sababu watoto walimfuata kwa macho kama watu wanaotazama mpira.

Jumanne ile, uji ulipokwisha, mwenyekiti wa kijiji alikuja na bahasha ya kaki. Aliitwa Januari, alikuwa amesomeshwa na Cornel darasa la tano.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, Mwenyekiti. Ng'wangaluka?"

"Ng'wangaluka. Mama Limi, shikamoo." Januari aliketi kwenye kigoda alichopewa, akaona haya, akasimama tena. "Imekuja barua kupitia wilayani. Wanahamisha majalada huko Dar es Salaam, wengine wanaambiwa wajiandae kwenda Dodoma. Katika kuhamisha, jibu lako limeonekana."

Cornel alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani, akakichukua tena.

"Limeonekana wapi?"

"Nyuma ya kabati. Liliandikwa tangu mwaka sitini na moja, likapigwa muhuri, halikusomwa. Jumamosi anakuja afisa kulisoma. Wameandika hapa," Januari akatafuta mstari kwa kidole, "Mjumbe awepo, na kiandaliwe kitu cha kukalia."

Anisia aligeuka akaingia ndani. Walimsikia akihamisha vyungu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

"Linasemaje?" aliuliza Cornel.

"Hawakuandika. Nadhani haliruhusiwi kusemwa, linaruhusiwa kusomwa tu." Januari alikunja barua. "Mjumbe, mimi nitafurahi. Wageni wakija kijijini wananiuliza yule mzee anayezunguka ni nani, nami nashindwa kueleza. Lile baraza lenyewe lilishakufa."

"Lilikufa," alisema Cornel, "lakini halikuniambia niketi."

Kuanzia saa ile alikwenda mara mbili ya kawaida yake. Alikwenda mpaka ghala la pamba ambako jibu lingesomwa, akalipima kwa hatua. Alifungua sanduku akatoa suti, akaikung'uta vumbi, akairudisha, akaitoa. Alitoa pia kitabu cha kanuni za baraza, ambacho mchwa walikuwa wamekula jalada lake, akakisoma huku anatembea.

Siku ya Alhamisi wanawake sita waliokuwa wakitoka mtoni walitua ndoo zao mbele ya nyumba yake. Aliyezungumza alikuwa Nyamizi, jirani yake tangu Ng'wabuki. Miaka minne nyuma Nyamizi aliteleza kwenye kingo za mto akiwa na mimba ya miezi saba na ndoo kichwani. Tangu hapo alimhesabu mtoto aliyempoteza kila alipotaja watoto wake: wanne, na mmoja wa mtoni.

"Mjumbe, tunasikia unajibiwa."

"Ndivyo, mayu."

"Wakijibu vibaya?"

"Litakuwa limejibiwa."

"Nawe utaketi."

"Nitaketi."

Nyamizi alifuta maji shingoni. "Na baada ya hapo unaweza kuuliza tena?"

Cornel alikuwa ameshaisoma kanuni hiyo mara nyingi. Alisema swali lililokwisha kujibiwa haliulizwi tena, na hata angeruhusiwa kuuliza, baraza la kuuliza halipo. Lake lilikuwa limesalia kwa sababu tu halikujibiwa.

"Kwa hiyo katika nchi nzima," alisema Nyamizi, "hakuna swali lingine lililosimama juu ya kile kisima."

"Hakuna."

"Basi usiende Jumamosi. Jifanye mgonjwa, nenda kwa Limi huko Nyahanga alikoolewa. Afisa asipokukuta atarudi na karatasi yake."

Mwanamke mmoja alimtazama Anisia, ambaye alikuwa mlangoni na ungo mkononi, kisha akatazama chini. Walijitwisha ndoo wakaondoka.

Cornel alizunguka nyumba mara tisa. Mara ya kumi Anisia alimzuia kwa mkono.

"Baba Limi, simama."

"Nimesimama."

"Simama mahali pamoja. Nataka kukuuliza. Kile kisima tumekisimamia miaka yote hii. Kimesogea?"

"Hakijasogea."

"Seng'enge imekatika?"

"Waliiongezea waya wa pili mwaka jana."

"Mimi mtoni naenda, sawa na Nyamizi. Nikirudi nakukanda miguu. Sijawahi kukuambia acha." Alikuwa bado ameshika ungo, pumba zikimwangukia kwenye kanga. "Lakini nataka siku moja nigeuke kitandani nikukute. Sikuombi kingine. Nigeuke tu, uwepo."

Cornel alitazama barabara. Hakukuwa na gari.

"Naogopa, Mama Limi."

"Unaogopa jibu."

"Jibu siliogopi. Naogopa kuketi. Nikiketi nitajua nilivyochoka."

Anisia alitingisha ungo mara mbili. "Basi tutajua wote wawili," alisema.

Jumamosi saa nne Landrova ilifika ikiwa imefunikwa vumbi mpaka vioo. Afisa aliyeshuka aliitwa Theonest, mtu mwembamba mwenye kaunda suti ya rangi ya majivu, mpole, aliyemwamkia kila mtu aliyemzidi umri kabla hajaomba maji ya kunywa. Alipewa maji ya mtoni yaliyochujwa kwa kitambaa. Aliyanywa yote, akatazama chini ya kikombe, akashukuru.

Watu walikuwa wameketi chini ndani ya ghala la pamba, wanaume upande wa mizani na wanawake upande wa magunia. Nyamizi alikuwa mstari wa mbele amekunja mikono. Kiti kilitoka ofisi ya Chama. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kwa kuwa Januari hakutaka Mjumbe aanguke mbele ya mgeni, Anisia aliwekwa nyuma yake akishike. Kwa hiyo waliosimama walikuwa watatu: Theonest mwenye jalada, Cornel ndani ya suti ambayo sasa ilimpwaya, na Anisia.

"Ndiye Mheshimiwa Mjumbe aliyeuliza swali namba arobaini na saba?"

"Ndiye."

"Mheshimiwa, kwa niaba ya waliokuwepo, naomba radhi kwa kuchelewa." Theonest alifungua jalada, akapuliza mavumbi ya mchwa. Alisoma swali lote kwa Kiingereza, kisha akasoma jibu. Jibu lilikuwa fupi sana hivi kwamba baadhi ya watu walidhani bado anakohoa. Cornel, ambaye alielewa, aliacha kuhamahamisha miguu. Watu walioketi karibu walisema baadaye kwamba walikuwa hawajapata kumwona ametulia namna ile, na kwamba walihofia.

"Sasa nitafasiri," alisema Theonest. "Sehemu (a): Je, Serikali inazo habari? Jibu: Hapana, Bwana. Sehemu (b): Kisima kitarudishwa lini? Jibu: Kwa kuwa Serikali haina habari, sehemu (b) haizuki."

Akafunga jalada.

Nje gari la mgodi lilipita barabarani likielekea mjini. Magoti ya Cornel yalikunjika, yakatoa mlio kama kuni kavu zinapovunjwa, na Cornel Jilala akaketi. Kiti kiliyumba, Anisia akakishikilia. Cornel aliweka viganja juu ya mapaja yake akayatazama. Nyamizi alifunika uso kwa kanga.

"Basi shughuli imekwisha," alisema Januari kwa sauti ya mkutano. "Tumshukuru ndugu mgeni wetu—"

"Na sasa inazo?"

Sauti ilitoka nyuma ya kiti. Theonest, ambaye alikuwa akivisha kalamu kifuniko, aliinua kichwa.

"Samahani, mama?"

"Nauliza, Serikali," alisema Anisia. "Wakati ule haikuwa na habari. Nawe umetoka huko, umepita pale, seng'enge umeiona. Maji umekunywa. Sasa inazo habari, au bado haina?"

Theonest alifikiri. Alikuwa mtumishi mwangalifu, na katika mkoba wake alikuwa na kitabu kile kile cha kanuni, chenye jalada zima. Alikifungua mahali panapohusu maswali ya nyongeza. Alisoma kimya, midomo ikitembea, akarudia mstari mmoja kwa kidole.

"Inasema la nyongeza linaweza kuulizwa mara tu baada ya jibu, na mtu aliyekuwa amesimama jibu linaposomwa." Alitazama ghala zima, watu wote wameketi. "Nadhani waliokusudiwa walikuwa wajumbe. Lakini hawakuandika hivyo."

Alitoa karatasi mpya, akavua kifuniko cha kalamu.

"Jina, mama?"

"Anisia Cornel."

"Anisia," alisema Cornel kutoka kitini. Hakugeuka, maana alikuwa hajajua bado namna ya kugeuka akiwa ameketi. "Mama Limi, acha. Usiulize."

"Nimeshauliza."

Theonest aliandika swali kwa Kiswahili, akamsomea, Anisia akasema ndivyo. Akamwambia kwamba yeye binafsi hana mamlaka ya kujibu, atalifikisha panapohusika, na Mheshimiwa atasubiri. Alisita kidogo kwenye neno Mheshimiwa, kisha akaliandika. Alikataa kubaki kula kwa sababu ya safari, ila alipokea kuku mmoja hai.

Gari lilipoondoka wanawake walimletea Anisia gunia la pamba apumzike. Alijaribu mara moja, akajaribu mara ya pili akijishikiza kwa Nyamizi, kisha akashusha pumzi.

"Haya," alisema.

Januari aliandika katika daftari la kijiji kwamba Mjumbe ameketi na mkewe amesimama.

Cornel alilala siku mbili mfululizo kwenye kitanda ambacho kwa miaka yote ile kililaliwa upande mmoja. Alipoamka alijua alivyochoka. Mifupa ilimwuma mmoja mmoja, kama inayosoma mahudhurio, na alilia bila kuficha, akiwa amelala chali. Kisha alinyoosha mkono pembeni akakuta shuka limenyooka. Anisia alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge kwenye mwimo.

"Wewe ungeniachia mimi lile la nyongeza," Cornel alimwambia.

"Ulikuwa unaketi," alisema Anisia. "Sikutaka kukusimamisha tena."

"Na kile ulichoniomba? Kugeuka kitandani?"

Anisia alikaza fundo la kitenge. "Nilipolisikia lile neno kwamba haizuki," alisema, "nilimkumbuka yule wa Nyamizi. Basi."

Hawakulizungumza tena. Anisia alianza kwenda huku na huku, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia, akaacha sufuria motoni na kutoka mpaka barabarani kutazama posta. Limi alikuja kutoka Nyahanga na mjukuu mgongoni, akampa mama yake amshike, na Anisia alimbembeleza akizunguka naye mji wote hadi mtoto akalala kwa kizunguzungu. Watu walimwita Mama Mjumbe, baadaye Mjumbe.

Cornel, kwa kuwa sasa aliweza kukaa kwenye tandiko, aliazima baiskeli ya chama cha pamba, halafu akapata yake, akafunga madumu manne kwa mipira ya gari akawa anakwenda mtoni yeye. Wanaume walimcheka kwa wiki moja. Kisha fundi Makoye naye alifunga madumu, na baada ya Pasaka walikuwa wanaume watano njiani alfajiri, wakipiga kengele kuwaonya wanawake waliotangulia kwa miguu, Nyamizi akiwa mbele yao wote. Mto ulizidi kushuka. Mwaka 1979 walifukua mchanga kimo cha mtu. Mwaka 1983 walifukua kimo cha watu wawili, na mmoja alikaa juu kuvuta ndoo kwa kamba.

Kutoka Dar es Salaam ilikuja barua moja, ikisema swali la nyongeza limepokelewa na linatafutiwa jalada.

Njia ya mtoni ilipita kando ya seng'enge kwa mwendo wa dakika kumi. Mgodi ulikuwa umebadilishwa kibao mara ya tatu, na meneja mpya alipenda bustani. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi Cornel alipita pale na madumu yake yaliyojaa maji ya udongo, akisukuma baiskeli kwa sababu mnyororo ulikuwa umekatika. Upande wa pili wa waya askari wa mgodi alikuwa ameshika mpira wa maji, anamwagilia mawaridi ya meneja. Maji yalikuwa mengi na meupe, yalivuka maua yakachuruzika chini ya seng'enge mpaka njiani, yakafanya tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Pita upande huu, huko kunateleza."

"Wabeja, ng'wana wane," alishukuru Cornel, akapitia upande alioonyeshwa.